Timu ziongezwe Ligi Kuu, nauli atalipa nani?

TANZANIA Bara ina mikoa 26. Msimu huu wa 2025/26 Ligi Kuu inachezwa na timu 16 kutoka mikoa 11 tu. Dar es Salaam peke yake ina tano: Simba, Yanga, Azam, KMC na JKT Tanzania. Mbeya ina mbili, Tanzania Prisons na Mbeya City. Tisa zilizobaki ni za Tanga, Morogoro, Dodoma, Singida, Tabora, Kigoma, Lindi, Manyara na Mwanza.

Mikoa mingine 15 inaiangalia ligi kwenye runinga.

Arusha, unakojengwa uwanja mpya kwa ajili ya Afcon 2027, haina timu Ligi Kuu. Mtwara haina. Shinyanga, Mara, Kagera na Iringa, ambazo miaka michache tu iliyopita Simba na Yanga zilikuwa zikienda huko na kurudi zimenuna, nazo hazina. Ndiyo maana hoja haifi vijiweni: kwa nini timu zisiongezwe zifike 18, au hata 20, ili kila kanda ipate chake?

Ni hoja tamu. Shida ni kwamba ilishajaribiwa, na haina hata miaka kumi.

SITA KWA MKUPUO

Msimu wa 2017/18 ligi ilikuwa na timu 16. Njombe Mji na Majimaji ya Songea zikashuka. Ligi Daraja la Kwanza wakati huo ilikuwa na makundi matatu, na kila kundi likapandisha timu mbili. Wakaja JKT Tanzania, African Lyon, KMC, Coastal Union, Biashara United ya Musoma na Alliance ya Mwanza. Mbili nje, sita ndani. Hesabu ikafika 20.

Kwa maneno, kutoka 16 kwenda 20 ni kuongeza timu nne tu. Kwenye ratiba si hivyo. Ligi ya timu 16 ina mechi 240 kwa msimu. Ya timu 20 ina mechi 380. Hizo ni mechi 140 zaidi, karibu asilimia 60 ya ligi yote iliyokuwepo, na kila moja inataka waamuzi, kamishna, gari la wagonjwa, ulinzi na basi la wageni. Kila klabu ilitoka mechi 30 hadi 38. Nane za ziada, nne kati yake ugenini.

Nne ugenini ni safari za kawaida tu kwa mtu anayeishi kwenye nchi ndogo. Hapa kwetu Ndanda ya Mtwara ilipaswa kwenda Bukoba kucheza na Kagera Sugar pale Kaitaba. Timu inaiacha Bahari ya Hindi inakwenda kuoga Ziwa Victoria. Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, Dar hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 1,300, na wachezaji wenyewe wanashuka kwenye basi migongo imekakamaa, kesho yake wanatakiwa kukimbia dakika 90.

Sasa ungetegemea ligi iliyoongezeka kwa kiasi hicho iwe imetafutiwa mkwanja kwanza. Ilikuwa kinyume chake. Mkataba wa Vodacom ulikuwa umekwisha na msimu wa 2018/19 ulichezwa bila mdhamini mkuu. Benki ya KCB ilikuwepo kama mdhamini mwenza, na Azam ikaonyesha mechi kwa mkataba uliokuwa mdogo kuliko wa sasa. Yaani ligi kubwa kuliko zote katika kipindi hicho ndiyo ilikuwa na mfuko mwembamba kuliko zote.

Yanga yenyewe ilikuwa ikitembeza bakuli. Kocha Mwinyi Zahera alikuwa mstari wa mbele kuwahamasisha wanachama wachangie, na baada ya msimu ikafanyika harambee ya 'Kubwa Kuliko'. Ikiwa klabu yenye mashabiki nchi nzima ilifika huko, jiulize hali ilivyokuwa kwa African Lyon, ambayo mechi zake nyingi majukwaa yalikuwa yanaonyesha rangi ya zege.

VIPORO

Upande wa pili wa mji mambo yalikuwa mazuri mno, na hiyo nayo ikawa kasheshe. Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu huo, ikatolewa na TP Mazembe Aprili 2019 baada ya suluhu Dar na kipigo cha 4-1 Lubumbashi. Wakati wote huo mechi zake za ligi zilikuwa zinasogezwa mbele. Viporo vikarundikana. Kuna wakati Yanga ilikuwa inaongoza msimamo kwa pointi nyingi, lakini msimamo wenyewe haukuwa unasema ukweli, maana mmoja ameshacheza mechi nyingi na mwingine bado anadaiwa rundo.

Ligi ilibidi iishe Mei 28, kwa kuwa Taifa Stars ilikuwa inakwenda Afcon Misri, ya kwanza tangu 1980. Kwa hiyo Simba ikawa inacheza leo, inapumzika kesho, inacheza keshokutwa. Ikachukua ubingwa kwa pointi 93, Yanga 86. Simba ilikuwa na kikosi kipana na Meddie Kagere aliyefunga mabao 23, ikaweza. Ila wapinzani wa kati na chini waliokutana nayo walijikuta wanapangiwa na kupanguliwa tarehe, na timu ndogo ikipanguliwa tarehe inalipa hoteli mara mbili.

Baada ya hapo kilichofuata ni msururu wa kushuka. Msimu wa 2018/19 zikaenda African Lyon na Stand United. Msimu wa 2019/20, ligi ikiwa bado na timu 20 na uamuzi wa kuipunguza ukiwa umeshafanyika, zikashuka moja kwa moja Singida United, Lipuli, Alliance na Ndanda, na Mbao ikafuata baada ya kupigwa na Ihefu kwenye mtoano. Tano kwa msimu mmoja. Ligi ikawa na timu 18. Mwaka uliofuata zikaenda nne nyingine: Mwadui, JKT Tanzania, Ihefu na Gwambina ya Misungwi, ambayo ilipanda na kushuka ndani ya msimu mmoja pamoja na uwanja wake mwenyewe. Msimu wa 2021/22 tukarudi 16, pale pale tulipoanzia.

Wale sita waliopanda pamoja mwaka 2018, wanne walikuwa wameshashuka kufikia katikati ya 2022. KMC, inayolelewa na Manispaa ya Kinondoni, na Coastal Union ya Tanga, yenye historia ya ubingwa wa 1988, ndizo zilizobaki. JKT Tanzania ilirudi baadaye.

Ukiiangalia Kanda ya Ziwa ndiyo unaelewa maumivu. Msimu wa kwanza wa timu 20 kanda hiyo ilikuwa na timu sita: Mbao na Alliance za Mwanza, Stand United na Mwadui za Shinyanga, Biashara United ya Mara na Kagera Sugar. Msimu huu ina moja tu, Pamba Jiji. Kagera Sugar ilikuwa ya mwisho kuondoka kati ya zile sita, ilishuka mwaka jana.

Upanuzi uliofanywa ili mikoa ipate timu umeiacha mikoa ile ile bila timu.

CHAMA LA WANA

Haikuwa hasara tupu, na anayesema hivyo hakuwa akiangalia mpira. Septemba 2018 Stand United, 'Chama la Wana', timu iliyozaliwa stendi ya mabasi Shinyanga, ilikuja Dar ikafungwa na Yanga 4-3, huku Alex Kitenge akiipiga Yanga mabao matatu peke yake. Januari 2019 Yanga ikaenda Kambarage haijapoteza mechi hata moja ya ligi, ikalala 1-0. Shinyanga haikulala siku hiyo. Miezi minne baadaye timu hiyo hiyo ikashuka daraja.

Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la FA mwaka 2019 ikafungwa na Azam bao 1-0 pale Ilulu, Lindi. Mwaka mmoja baadaye ikawa chini. Singida United ilicheza fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2018, ikafungwa na Mtibwa Sugar 3-2. Machi 2020 ikapigwa na Simba mabao 8-0.

Wachezaji nao walitoka. Bakari Mwamnyeto aliibukia Coastal Union baada ya timu hiyo kupanda, Yanga ikamchukua 2020, akaja kuwa nahodha wake na beki wa Taifa Stars. Israel Mwenda alianzia Alliance, akapita KMC, akafika Simba. Je, wangeonekana kama Coastal na Alliance zingebaki chini? Pengine. Lakini pengine wangechelewa miaka miwili mitatu, na kwa mchezaji hiyo ni robo ya maisha yake ya soka. Wanaotaka timu ziongezwe wana hoja hapo, tena nzito.

Ila hoja hiyo ina nusu yake ya pili, nayo ni Biashara United. Hawa walipanda 2018, wakajipanga, na msimu wa 2020/21 wakamaliza nafasi ya nne nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wakaitoa Dikhil ya Djibouti. Wakaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 hapa Dar. Timu ya Musoma, mabao mawili mkononi, imebakiza dakika 90 kusonga mbele!

Hawakusafiri. Mechi ya marudiano Oktoba 2021 haikuchezwa kwa sababu timu ilikwama Dar kwa matatizo ya usafiri, Walibya wakapita bila kutoka jasho. Kufika mwisho wa msimu huo Biashara ikashuka daraja. Timu ilikuwa na wachezaji wa kufika Libya na kushinda. Haikuwa na ofisi ya kuwafikisha.

JIRANI ALIPOTEZA RUNINGA

Kenya waliungua kwa namna yao. Mwaka 2017 Shirikisho la Soka Kenya (FKF) lilitaka ligi ya timu 16 iwe ya 18. Kampuni iliyokuwa inaendesha ligi, KPL, ikakataa. Wakavutana hadi kwenye baraza la usuluhishi wa migogoro ya michezo, na mwisho ligi ikachezwa na timu 18. SuperSport, iliyokuwa inaonyesha ligi hiyo kwa miaka karibu kumi na kuipa klabu fedha za uhakika, ikavunja mkataba katikati ya mvutano huo.

Kwa hiyo Kenya waliongeza timu mbili wakapoteza runinga. Miaka miwili baadaye SonySugar ya Awendo ikafukuzwa ligini kwa kushindwa kufika kwenye mechi tatu. Kisa ni kile kile cha Musoma: timu haikusafiri.

Wapo watakaosema mbona Marekani wanaongeza timu kila kukicha na hakuna anayekufa. Kweli. Ligi yao, MLS, ilianza 1996 na timu 10 na sasa iko timu 30, ya mwisho kuingia ikiwa San Diego mwaka 2025. Lakini San Diego ililipa dola 500 milioni kwa ajili ya kuingia tu, kabla haijacheza dakika moja. Na hawana kushuka daraja, kwa hiyo mwenye timu anajua fedha yake haitapotea kwa matokeo ya mechi moja ya Mei. Hata hivyo nao waliwahi kuteleza: mwanzoni mwa 2002 walizifuta timu mbili za Florida, Tampa Bay Mutiny na Miami Fusion. Na kabla yao ligi iliyoitwa NASL ilivimba hadi timu 24 mwishoni mwa miaka ya 1970, ikafa baada ya msimu wa 1984.

Waliobobea huwa wanapunguza. England ilitoka timu 22 hadi 20 mwaka 1995. Ufaransa ilitoka 20 hadi 18 mwaka 2023. Hakuna aliyewaambia wanaua soka.

FEDHA IPO, TUIGAWE?

Tofauti ya leo na 2018 ni kwamba fedha ipo. Mei 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa haki za runinga wa Sh225.6 bilioni kwa miaka 10. NBC ikaingia kama mdhamini mkuu mwaka huo huo. Hapo ndipo wengine wanaposema: haya, sasa tuongeze.

Piga hesabu ya kijiweni. Mgao halisi hauko sawa kwa kila klabu wala kila mwaka, na si yote inakwenda kwa klabu, lakini chukua tu wastani: Sh225.6 bilioni kwa miaka 10 ni Sh22.56 bilioni kwa mwaka. Ukigawa kwa timu 16, kila moja Sh1.41 bilioni. Ukigawa kwa timu 20, Sh1.128 bilioni. Kila klabu imepoteza zaidi ya Sh280 milioni, na wakati huo huo imeongezewa safari nne. Simba na Yanga hazitaisikia sana. Namungo, Prisons na Mashujaa zitaisikia Septemba.

Na hata kwa timu 16 bado kuna zinazoyumba. Agosti 2023 Tabora United, iliyopanda ikiitwa Kitayosce, ilifungua msimu dhidi ya Azam pale Chamazi ikiwa na wachezaji wanane tu, kwa sababu wengine hawakuwa na vibali vya kucheza. Azam ikafunga manne, Tabora wakapungua hadi chini ya saba, mwamuzi akamaliza mchezo hata nusu saa haijafika. Hiyo ni Ligi Kuu, inaonyeshwa mubashara nchi nyingine.

Kuna hili la timu kuhama pia. Ihefu ilikuwa ya Mbarali, Mbeya, ikalala Ihefu ikaamka Singida Black Stars. Singida iliyokuwepo kabla yake, ile ya Fountain Gate, nayo ikaondoka Singida na kuishia Babati. Shabiki wa Mbarali aliyenunua jezi anabaki na nguo ya kulimia. Timu zinahama kwa sababu zinafuata anayelipa bili. Ukipandisha nne zaidi kesho bila kuuliza nani analipa, utakuwa umeongeza wapangaji wanne.

Ratiba nayo imebana kuliko ilivyokuwa 2018. Tanzania sasa inapeleka timu nne mashindano ya CAF, si mbili. Dabi ya Machi 8, 2025 iliahirishwa ikachezwa Juni 25. Msimu huu ulianza Septemba kwa sababu ya CHAN, ukasimama kupisha Afcon ya Morocco. Na 2027 Afcon inakuja hapa nyumbani, Kenya na Uganda. Mechi 380 zitaingia wapi?

Kwa hiyo timu 20 kwa sasa ni ndoto ya mchana. Timu 18 si dhambi, mradi makosa ya 2018 yasirudiwe, na kosa kubwa lilikuwa kupandisha sita kwa mkupuo bila mdhamini mkuu. Zikiongezwa moja moja, kila anayekuja akute fungu lake limeshatengwa bila kumega la wenzake, hapo inazungumzika. Leseni ya klabu nayo ikaguliwe Juni, kabla ya ratiba, si Agosti wachezaji wakiwa wanane uwanjani. TFF na Bodi ya Ligi wana kanuni za leseni tayari. Zinahitaji mtu wa kusema hapana kwa timu iliyopanda kwa jasho lake, na hiyo ni kazi ngumu kisiasa kuliko kuongeza namba.

Sehemu nyingine ya kuweka fedha, ambayo haipigiwi kelele, ni Championship. Huko ndiko ziliko Geita Gold na wengine waliowahi kuonja Ligi Kuu, na huko safari ni ndefu vile vile wakati kamera ni chache na mgao ni mdogo. Timu inayopanda kutoka huko ikiwa na madeni haiwezi kuwa tajiri kwa sababu tu imeingia ligi yenye timu 18 badala ya 16.

Stand United iliukaribia mlango mwaka jana. Ilitoka Championship hadi mechi ya mwisho ya mtoano, ikakutana na Fountain Gate, ikafungwa. Fountain Gate ikabaki Ligi Kuu, Chama la Wana wakarudi Shinyanga kuanza upya. Kama ligi ingekuwa na timu 18 wangekuwa wamepanda. Swali ambalo viongozi wao wanapaswa kulijibu kabla ya mtoano ujao ni wangemaliza nao vipi msimu.